Pengo la Hatua Tatu

Sebuleni kwa Mkongwe kulikuwa na msumari mmoja tu. Ukuta ule ulikuwa wa zege gumu, ulishapinda misumari mingine yote iliyojaribu bahati yake, na huo mmoja uliokubali kuingia ulikuwa umebeba cheti chake cha udereva bora kwa miaka tisa. Jumapili hiyo aliporudi safari alivua viatu mlangoni, akainua macho kukisalimu cheti kama kawaida yake, akakuta cheti kingine. Jina lililoandikwa halikuwa lake. Lilikuwa la mdogo wake.

"Mama!" aliita. "Cheti changu kiko wapi?"

"Kipo juu ya kabati, baba," mama yake alijibu kutoka jikoni. "Nimekifunga kwenye gazeti kisishike vumbi. Cha mdogo wako ndicho kipya, acha nacho kipate upepo."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo kwenye kochi, alimtazama akauma mdomo asicheke. "Karibu nyumbani," alisema. "Naona uso umeukunja kuliko hizi nguo."

Madereva wa yadi walimwita Mkongwe kwa sababu alikuwa ameendesha malori ya kampuni ile miaka ishirini na miwili, tangu meneja wa sasa alipokuwa karani wa getini. Mdogo wake alikuja baadaye sana. Mkongwe mwenyewe ndiye aliyemwingiza kazini. Alimfundisha gia, akamfundisha kuisikiliza injini, akamwonyesha jinsi ya kurudi rivasi na trela kwa kutazama kivuli cha gurudumu badala ya kioo. Kijana akaiva. Alikuwa akiendesha taratibu mpaka wenzake wakasema hata akipakia mayai yatafika yamelala usingizi, wakambandika jina la Pamba. Na sasa Pamba ndiye aliyeteuliwa kuwa kiongozi wa msafara na mwalimu wa madereva wote katika ulinzi wa shehena. Kazi hiyo Mkongwe aliingojea kama mtu anayengojea zamu yake kwenye foleni, akiamini kwamba foleni huheshimiwa.

"Ana mkono wa heri huyu mtoto," mama alisema walipokaa kula. "Tangu aanze kazi hajapotelewa hata na kamba."

Mkongwe, aliyekuwa amepotelewa mara mbili, alikitazama chakula chake, nacho kikamtazama.

Jumatatu madereva wote waliitwa ofisini kwa Dada Pini. Huyu alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na kazi yake ilikuwa kufuatilia wizi wa mizigo. Ukutani kwake palikuwa na ramani ya barabara zote za ukanda ule, kutoka bandarini mpaka maghala ya mwisho kule bara. Kila mahali palipoibiwa mzigo, uwe wa kampuni yao au wa wengine, alichoma pini: nyekundu kama ni usiku, ya njano kama ni mchana.

"Tazameni hapa mlimani," alisema. "Miaka mitano nyuma pini zote zilikuwa hapa. Lori linapanda linahema, mwizi anarukia nyuma, anachana turubai, anamwaga mali barabarani. Tukaleta makontena ya chuma, tukafunga milangoni sili, zile lakiri za namba zisizofunguka mpaka zikatwe, mlima ukapoa. Mkashangilia. Lakini wizi haukufa, ndugu zangu. Ulihama tu." Akateremsha kidole. "Sasa tazameni hizi za njano. Ziko wapi? Kwenye maegesho, pale mnapokula. Saa sita mpaka saa nane, jua la utosi, watu wanapita. Na sili hawaigusi. Wanafungua bolti za bawaba, mlango unatoka na sili yake nzima, wanachukua wanachotaka, wanafunga bolti mpya na kupaka rangi. Mnakuja kugundua ghalani."

"Sasa sili ikiwa nzima na mzigo umepungua," dereva mmoja aliuliza, "nani anakamatwa?"

"Wewe," alisema Dada Pini.

Watu walicheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe.

"Na siku hizi wanachagua," aliendelea. "Hawataki kuvunja mgongo. Wanataka betri, dawa, matairi ya pikipiki, kitu cha kuuzika kabla jua halijazama. Kwa hiyo kuanzia leo ni amri. Mkisimama, magari mawili mgongo kwa mgongo, milango igusane. Anayetaka kufungua mlango ahamishe kwanza tani thelathini. Hiyo tunaiita mbinu ya Pamba."

Mbinu ya Pamba! Mbinu ile ilikuwa ya Mkongwe. Miaka minane iliyopita, wakiwa wamekwama na mvua kwenye kituo kimoja cha njiani, alimwelekeza mdogo wake arudishe lori lake mpaka liguse la kwake, akamwambia: "Ukilala ugenini, mpe mwenzako mgongo." Wakati huo Pamba alikuwa bado anaiogopa gia ya tatu. Sasa alikuwa amesimama karibu na ramani, macho chini, anatabasamu kama bibi harusi.

"Nyie tafuteni wezi huko barabarani," Mkongwe alijisemea moyoni. "Mimi wa kwangu yumo humu humu chumbani."

Jumatano walitoka na magari mawili. Pamba alipakiwa matairi ya pikipiki. Mkongwe alipakiwa marumaru.

"Marumaru tena?" alimuuliza mpakiaji.

"Hayaibiwi hayo, mzee wangu. Umepewa safari ya amani."

Mpakiaji hakuwa na ubaya. Lakini mwenye wivu hata akiambiwa pole husikia tusi, na maneno yale Mkongwe aliyatafuna kilomita mia na themanini bila kuyameza. Zamani mizigo ya maana ilikuwa yake. Zamani aliposimama kwenye kituo cha chakula watu walimwita kwa mbali. Zamani, zamani. Kila kona aliyokata aliona taa za nyuma za mdogo wake zikiwaka mapema, kwa adabu, kumwonya kaka mtu apunguze mwendo. Kama vile yeye hakuijua hiyo kona kabla mtoto huyo hajaota meno.

Saa saba kasoro waliingia kwenye maegesho makubwa yenye vibanda vya chakula pande zote mbili za barabara. Pamba alisimamisha lori lake. Mkongwe akageuza, akaanza kurudi rivasi ampe mgongo, anatazama kivuli cha gurudumu kama alivyofanya maisha yake yote. Ndipo aliposikia sauti.

"Njoo, kaka. Njoo. Njoo." Pamba alikuwa ameshuka, amesimama kando, mkono juu. "Bado nusu hatua."

Madereva wa kampuni nyingine, waliokuwa wamekaa kibarazani wakichokonoa meno, waliamka.

"Jamani! Leo Mkongwe anafundishwa rivasi!"

"Kiongozi, mwonyeshe na breki ilipo!"

"Mwache, ana leseni ya muda huyo!"

Pamba alicheka nao. Hakucheka kwa kejeli, alicheka tu kwa sababu wengine wanacheka. Milango ikagusana: ko.

"Twende tukale, kaka."

"Sina njaa."

"Mama akisikia hujala ataniua mimi."

"Nimesema sina njaa!"

Pamba alimtazama kidogo, akaenda. Mkongwe alibaki kwenye usukani. Kutoka pale aliona mtu akiinuka kumpisha mdogo wake kiti cha dirishani, akasikia wakiita "Kiongozi! Kiongozi!" Na kila gari kubwa lilipopita barabarani ardhi ilitikisika, ile milango ikagongana nyuma yake polepole, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Ilikuwa kama mdogo wake amemwegemea. Amemwegemea tangu siku ya kwanza ya kazi, na sasa watu wanasema aliyesimama wima ni Pamba.

Akawasha injini. Akasogea mbele hatua tatu, akazima.

Hakutaka mtu aibiwe. Baadaye alijiapia hilo, na ilikuwa kweli. Alitaka tu wasigusane. Kisha, kwa kuwa njaa ilikuwepo tena ya kutosha, alivuka barabara akaenda kula peke yake kwenye kibanda cha upande wa pili, mgongo ameupa dirisha.

Hatua tatu ni kidogo. Lakini katikati ya malori mawili marefu, hatua tatu ni chumba kisicho na paa, ambamo mtu anaweza kufanya kazi yake bila kuonekana, mradi azibe upande mmoja. Mkongwe aliporudi alikuta gari dogo la mizigo lenye turubai la bluu linaondoka kutoka mdomoni mwa lile pengo. Kioo chake cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa waya. Dereva wake alimpungia mkono. Mkongwe naye akampungia, kama wafanyavyo watu wa barabara. Akapanda, akarudi nyuma hatua tatu kabla Pamba hajatoka kunawa mikono. Ko. Hakuna aliyejua.

Ghalani walifika jua likiwa bado lipo. Sili ya Pamba ilikatwa mbele ya mashahidi, nzima kabisa, namba yake sahihi. Wapakuaji wakaanza kutoa matairi. Yakaisha mapema.

"Sitini na mawili hayapo," alisema mlinzi wa ghala, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika, imekuwa ya mtu anayezungumza na mshukiwa.

Pamba alichuchumaa kwenye bawaba, akagusa bolti ya chini, akainua kidole. Kilikuwa na rangi ya kijivu.

"Kaka," alisema, "rangi bado mbichi."

"Pole," alisema Mkongwe.

Na ndani ya kifua chake, kabla ya hofu, kabla ya aibu, ilipita furaha ndogo, nyembamba, yenye mwendo wa panya. Aliiona ikipita. Baadaye hakuweza kusema hakuiona.

Asubuhi iliyofuata, waliporudi yadini, walisimama ofisini kwa Dada Pini mbele ya meneja, wawili kama walivyotoka tumbo moja. Dada Pini alikaa pembeni na karatasi zake.

"Sili nzima, mzigo pungufu," meneja alisema. "Polisi wanafika saa nne. Kiongozi wa msafara, Pamba! Mwalimu wa ulinzi! Wenye mali nitawaambia nini? Nitawaambia mwalimu amekula chaki?" Akamgeukia Mkongwe. "Wewe jiandae. Nafasi yake utashika wewe."

Basi, ikawa hivyo. Kile alichokingojea miaka yote kilimwangukia mapajani kama embe bovu, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

"Subiri kidogo," alisema Dada Pini. "Pamba, pale maegesho mliweka mgongo kwa mgongo?"

"Ndiyo, dada."

"Milango iligusana?"

"Iligusana."

"Basi hakuna bolti iliyoweza kutoka pale. Na mahali pengine hamkusimama." Akavaa miwani, akasoma taarifa ya kifaa cha kufuatilia magari. "Isipokuwa hapa naona lori la Mkongwe liliwashwa saa saba na dakika kumi na mbili, likazimwa. Likawashwa tena saa saba na dakika hamsini, likazimwa. Mkongwe, ulikuwa unakwenda wapi?"

Mkongwe aliwaza kusema alifuata kivuli. Alifungua mdomo, lakini Pamba alimtangulia.

"Mimi ndiye niliyemwambia asogee. Nilitaka kukagua bawaba, halafu nikaenda kula nikasahau. Yeye alinitii tu. Kosa ni langu."

Mkongwe aligeuka akamtazama. Pamba alikuwa anatazama mbele, amenyooka, na masikio yake yamekuwa mekundu kama utotoni alipokuwa akidanganya kuhusu sukari. Kumbe alijua. Alijua, na alikuwa anaubeba mzigo wa kaka yake.

Ungedhani moyo wa Mkongwe ungeyeyuka. Haukuyeyuka. Uliwaka. Msumari amechukua. Mbinu amechukua. Kiti cha dirishani, matairi, cheo, vyote amechukua. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki duniani ambacho mdogo hawezi kumnyang'anya mkubwa, nacho ni ukubwa wenyewe: kwamba mzigo ukizidi, anayeinama kuubeba ni kaka. Na sasa mtoto huyu amejiinamia mbele ya watu, anaubeba. Hata hili? Hata hili alichukue yeye?

"Mwongo!" Mkongwe alipiga kelele mpaka Dada Pini akaangusha kalamu. "Mwongo mkubwa huyu! Hakuniambia kitu! Nimesogea mwenyewe, kwa miguu yangu na ufunguo wangu!"

"Kaka..."

"Nyamaza! Mimi ndiye mkubwa!" Akamgeukia meneja, anahema. "Nilisogea kwa sababu nilimwonea wivu. Walimwita kiongozi. Alinielekeza rivasi mbele za watu. Sikutaka gari langu liguse la kwake. Hatua tatu. Basi, hiyo ndiyo habari yote."

Neno lile, wivu, lilikaa mezani katikati ya mafaili, na hakuna aliyejua aliweke wapi. Lilikuwa dogo kuliko Mkongwe alivyolidhania. Miaka yote alilibeba kama tani thelathini, na sasa limetoka kwa pumzi moja.

"Na kulikuwa na gari," aliongeza kwa sauti ya chini. "Dogo, turubai la bluu. Lilikuwa linatoka kwenye pengo. Dereva alinipungia, nikampungia."

Dada Pini alikuwa ameshasimama. "Kioo?"

"Cha kushoto. Kimefungwa waya."

Alikwenda kwenye ramani haraka kama mtu aliyeitwa, akagusa pini ya njano, halafu nyingine, halafu ya tatu. "Hapa waliona turubai la bluu. Hapa mtu alisema kioo cha waya, nikadhani anajitetea. Hapa walipungiwa mkono." Akavua miwani. "Mwaka mzima ninatafuta mtu wa kuniambia yote kwa pamoja. Kila dereva aliyesogea, aliyelala, aliyekwenda kuoga, ameficha kipande chake kwa aibu. Mkongwe, unajua ni wangapi wamefungwa kwa aibu ya wenzao?"

Meneja alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Mmoja amesogeza gari," alisema, "mwingine amesogeza ukweli. Sijui nani amenichosha zaidi." Polisi, alisema, watapewa habari za lile gari. Mkongwe atakaa nje ya barabara miezi sita. Atafanya kazi yadini, kuelekeza rivasi na kukagua bawaba za kila lori linalotoka. Na Pamba uongozi utamngoja mwezi mzima. "Ukidanganya kwa upendo bado umedanganya. Madereva wangu wakijifunza hilo kwako tumekwisha."

Walipokuwa wanatoka, Dada Pini alimshika Mkongwe kiwiko. "Ile mbinu ya milango ni yako?"

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Siku ile ya kwanza alisema amefundishwa na kaka. Sikuandika jina, maana humu ndani kila mtu ni kaka."

Kwenye korido walitembea mpaka karibu na mlango.

"Uliniona?" Mkongwe aliuliza.

"Dirishani. Nilidhani unafuata kivuli."

"Upande ule hakuna kivuli."

"Niligundua nilipofika ghalani." Pamba alikuna shingo. "Kaka, hivi unanionea wivu mimi kwa lipi? Viatu vyako nimevivaa mpaka nimeoa. Utotoni mama akipika, chumvi alikuwa anakuonjesha wewe. Mimi nilikuwa nalia chini ya meza kwa sababu ya hiyo chumvi."

"Ulikuwa unalia kwa chumvi?"

"Miaka."

Mkongwe alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine, akageuka upande wa ukuta akajifanya anakohoa. Mdogo wake alingoja, naye akajifanya anaamini.

Nyumbani alimweleza mama yake kila kitu, bila kujipunja wala kujipendelea. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unataka msumari," alisema. "Mdomo unao, masikio ninayo. Ilikuwa lazima mtoto wangu aibiwe?"

Kisha aliinuka, akapanda kigoda, akakitoa cheti cha zamani kwenye gazeti, akakiegemeza ukutani pale pale juu ya kabati. Kiliinama kidogo upande mmoja. Mkewe alitaka kukinyoosha. Mama akamwambia akiache, ndivyo mwenyewe alivyo.

Lile gari la turubai la bluu lilikamatwa wiki ya tatu, kwenye maegesho mengine mbali kabisa, na madereva wa kampuni nyingine waliokuwa wameambiwa habari zake. Matairi hayakupatikana. Lakini dereva mmoja aliyekuwa rumande tangu mwezi uliotangulia, kwa sili nzima na mzigo pungufu, alirudi kwa wanawe. Dada Pini hakung'oa pini zile tatu. Alizifunga pamoja kwa uzi.

Siku Pamba aliporudishiwa uongozi, Mkongwe alikuwa yadini na fulana ya kung'aa, brashi na kopo la rangi mkononi. Malori mawili yalitakiwa kupangwa mgongo kwa mgongo kabla ya safari. La Pamba ndilo lililokuwa linarudi. Lilirudi kwa mkato mmoja, trela limenyooka kama rula, bila kusahihisha hata mara moja. Mkongwe alitazama, na wivu ukamfinya, pale pale pa siku zote, kama mpangaji wa zamani aliyegoma kuhama. Akauacha ufinye. Akainua mkono.

"Njoo! Njoo! Njoo!" alipaza sauti yadi nzima isikie. "Bado nusu hatua!"

Kichwa cha Pamba kikachomoza dirishani. "Nusu au robo, kaka?"

"Nani anaelekeza hapa?"

"Wewe, kaka."

"Basi nusu!"

Ilikuwa robo. Pamba alirudi robo, milango ikagusana, ko, na Mkongwe akaenda kupitisha kidole kwenye kila bolti, moja baada ya nyingine, aone kama rangi imekauka.